Je, wajua koti la chembe ndogo mno hupimwaje likiwa bado majini?

Chukua kijiti cha kioo cha maabara, kile kioo kisichopasuka motoni, ukichovye kwenye mafuta ya kupikia. Sehemu iliyozama hutoweka machoni. Ipo palepale, ila mwanga hupinda kwa kiasi kilekile katika kioo na katika mafuta, basi jicho halipati mpaka wa kushika.

Watafiti wa chembe za nano wana ujanja wa aina hiyo. Chembe za silika, madini ya mchanga, zenye upana wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huvishwa koti la nyuzi za polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, ili zisigandane mabonge. Je, nyuzi hizo zimesimama kama nywele au zimelala? Darubini ya kawaida ya elektroni hutaka chembe zilizokaushwa, na nyuzi zikikauka hujilaza kama mwani ufukweni maji yakishapwa. Eksirei nayo hufuata elektroni: silika huonekana vizuri, polima hufifia.

Ndipo hutumika nyutroni, chembe itokayo kwenye kiini cha atomu. Nyutroni haina chaji. Huyapita mawingu ya elektroni ikaenda kugonga kiini cha atomu, na kwake haidrojeni ya kawaida na haidrojeni nzito, ile yenye nyutroni ya ziada kiinini, ni vitu viwili mbalimbali kabisa, ingawa mkemia huziona karibu sawa. Changanya maji ili maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, yawe takriban asilimia 60, na silika inatoweka kama kile kijiti kwenye mafuta. Limebaki koti tupu. Kama koti ni la polima iitwayo polyethilini glaikoli, shusha hadi asilimia 17 hivi: sasa koti ndilo limetoweka, imebaki kokwa ya silika.

Huko Grenoble, Ufaransa, kinu cha nyuklia cha taasisi ya utafiti ya Institut Laue-Langevin hutoa nyutroni ambazo hupozwa kwa haidrojeni nzito iliyo kimiminika, takriban nyuzijoto 250 za Selsiasi chini ya sifuri, ndipo zipitishwe kwenye sampuli yenye unene wa milimita moja au mbili. Chembe hizi huzichepusha nyutroni kidogo sana, kwa hiyo kipokezi huwekwa mbali, wakati mwingine karibu mita 40, ndani ya bomba lisilo na hewa.

Usitarajie picha. Kinachotoka ni mchirizi tu kwenye grafu, na mtafiti hukisia umbo, akakokotoa, akalinganisha. Mchirizi mmoja huweza kukubali makisio kadhaa ya uongo. Ndiyo maana hupima chembe zilezile katika michanganyiko miwili au mitatu ya maji, na kisio moja lazima lilingane na michirizi yote.