Mwalimu Ugenini: Anza na Lugha ya Darasa Lako

Mwalimu anayekwenda kufundisha nchi ya kigeni huajiriwa kwa lugha anayoijua. Tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho analipwa azungumze Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili chake, na walimu wenzake nao humtafuta ili wajizoeze lugha hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza mkataba wa miaka mitatu akashindwa kumweleza mzazi kwamba mtoto ana homa. Lugha ya wenyeji haitamwingia yenyewe, kwa kuwa kazi yake inamsukuma kila siku upande wa pili.

Kabla ya yote, piga hesabu ya saa. Chuo cha lugha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji saa 600 hadi 750 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania au Kifaransa, kama 900 kwa Kiswahili, na 2,200 kwa Kijapani, Kichina, Kikorea au Kiarabu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili makadirio hayo husogea: Kiarabu tayari kimemwachia kitabu, hesabu, wakati na dakika, na lugha yoyote ya Kibantu itampokea na ngeli zake. Lakini mwalimu mwenye ratiba iliyojaa hupata saa tano za kujifunza kwa wiki, akijitahidi. Kwa wiki 40 ni saa 200. Katika vipimo vya Ulaya vinavyoanzia A1 (mwanzo) hadi C2 (umahiri), saa hizo zinaweza kukufikisha A2 kwa Kihispania. Kwa Kijapani, shukuru ukiikamilisha A1. Anayeahidiwa zaidi ya hapo hukata tamaa mwezi wa nne, akidhani ana kichwa kizito.

Maandishi yajifunze kabla ya kusafiri. Hangul ya Wakorea ina herufi za msingi 24 na hushikika kwa wiki moja ya dakika 30 kila siku. Hiragana na katakana za Kijapani ni alama 46 kila moja. Zitengee wiki nne. Kanji, alama zenye asili ya Kichina ambazo orodha yake rasmi ya matumizi ya kawaida ina alama 2,136, zisubiri. Mwenye kuahirisha herufi huishia kuandika maneno kwa hati ya nyumbani kwake, na matamshi yake hupindia huko huko.

Ukishafika, weka kando kitabu cha mtalii. Andika sentensi 40 unazozitumia kwa kweli darasani: fungueni ukurasa wa 14, kaeni wawili wawili, nani hajamaliza, rudia taratibu, pitisheni karatasi nyuma. Mpe mwalimu mwenyeji akutafsirie kama anavyozisema yeye mwenyewe mbele ya watoto, kisha umrekodi akizisoma mara mbili, kwa kasi yake ya kawaida. Sentensi hizi hurudi mara nyingi kwa siku kutoka vyumba vya jirani, na hapo ndipo masikio hufunguka. Zaidi ya hayo, zina sarufi ya kutosha kukufunza amri, wingi, kukanusha na mahali.

Namba zinataka uangalifu wa pekee. Kikorea kina mifumo miwili ya kuhesabu, na katika kutaja wakati hukutana: saa husemwa kwa namba za asili, dakika kwa namba zenye asili ya Kichina. Kurasa za kitabu hufuata dakika, umri katika mazungumzo ya kawaida hufuata saa. Kijapani nacho hubadili kihesabio, yaani kiambishi kinachofuata namba, kulingana na kitu: karatasi ni -mai, vitabu ni -satsu, kalamu ni -hon. Mtu aliyekulia katika ngeli hatashangaa, ila ajifunze kihesabio pamoja na kitu chake, kamwe si peke yake.

Sasa nije kwenye hazina ambayo walimu wengi huipitisha chini ya kalamu nyekundu na kuisahau. Makosa ya wanafunzi wako ni sarufi ya lugha yao, imeletwa mezani kwako bure. Unafundisha Kiswahili, na Mchina anaandika "jana mimi kwenda shule". Amekueleza kwamba kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. Neno "jana" linatosha kubeba kazi hiyo. Mjapani anayeandika "mimi kitabu nasoma" amekuonyesha mahali pa kitenzi kwao, mwishoni. Ukifundisha Kiingereza, Mrusi atakuangushia vibainishi a na the kwa kuwa lugha yake haina. Weka daftari la safu tatu: kosa lilivyoandikwa, sentensi iliyokusudiwa kwa lugha ya mwanafunzi, na kanuni unayoikisia. Makosa matatu kwa siku yanatosha. Safu ya pili mwulize mwalimu mwenzako, kwa kuwa mwanafunzi ataona haya akidhani unamhukumu. Kanuni uliyoikisia usiiamini mpaka uione kwa wanafunzi watatu tofauti. Kosa la mmoja linaweza kuwa ni uchovu tu. Kazi hii inafaidisha pande mbili: unapata sentensi hai za kujifunza, na maandalio yako ya somo yanaanza kulenga mahali panapouma.

Darasani penyewe, itumie lugha yao kwa kiasi. Naikubali kwa usalama, kwa kumtuliza mtoto mmoja kwa sauti ya chini, na kwa agizo lililokwama baada ya kulisema mara mbili na kulionyesha kwa vitendo. Sentensi moja, kisha rudi. Kinachoharibika ukizidisha ni hiki: wanafunzi hugundua kwamba wakisubiri, tafsiri itakuja, nao huacha kusikiliza. Pia kuna masharti ya shule. Zipo zinazokataza kabisa, basi uliza kabla ya kipindi cha kwanza. Ukitaka kujizoeza mbele yao, tenga dakika mbili za mwisho, wao wawe walimu wa neno moja. Hili lasaidia sana kwa lugha za toni, ambazo kupanda au kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, kama Kithai chenye toni tano, kwa sababu watakurudisha bila huruma mpaka ipatikane.

Hata hivyo, usichote lugha yote kwa watoto. Wanasemezana kama rika, na ukiyabeba maneno yao hadi kwa mkuu wa shule utakuwa umemvunjia heshima bila kujua. Kifaransa kina tu ya mazoea na vous ya heshima, Kijerumani vivyo hivyo kina du na Sie, na Kikorea hubadilisha miisho ya vitenzi. Katika Kijapani mwalimu akijitambulisha kwa watu wazima hujiita kyōshi; sensei ni neno la wengine kumwitia. Lugha ya heshima ichukue katika ofisi ya walimu na kwenye ubao wa matangazo. Nakili tangazo moja kila wiki: tarehe, mahali, nani anahusika, mwisho wa kuleta. Matangazo hurudia muundo uleule, na baada ya kumi utaanza kuyasoma bila msaada.

Jifunze asubuhi kabla ya vipindi, dakika 25, maana jioni sauti na akili vimekwisha. Maneno mapya sita kwa siku, kila moja ndani ya sentensi, ukiyarudia siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 16 na ya 30; programu ya Anki, ya kadi za maneno, hupanga marudio ya namna hiyo yenyewe. Ukikuta kadi zaidi ya 100 zinakungoja, simamisha mapya mpaka zipungue. Kwa mwenza wa kubadilishana lugha, wekeni saa mezani: dakika 30 za lugha unayojifunza zitangulie, la sivyo ile mnayoielewana zaidi itameza saa nzima.

Uliza pia ni lugha ipi hasa inayosemwa. Katika nchi za Kiarabu, Kiarabu sanifu ndicho cha waraka na habari, lakini mazungumzo ya ofisini ni lahaja; jifunze lahaja kwa mdomo na sanifu kwa macho. Barcelona, Hispania, utasikia Kikatalani, lugha ya eneo hilo, shuleni, hata kama ulijiandaa kwa Kihispania.

Mtihani ukiupanga, angalia unapima nini. JLPT, mtihani wa ustadi wa Kijapani kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, haina sehemu ya kuzungumza. Mwenye cheti cha N3 bado anapaswa kukaa na mwalimu mwenyeji na kuigiza mazungumzo ya mkutano wa wazazi, dakika kumi kila mmoja, kabla ya siku yenyewe.