Je, wajua kwa nini tapeli anaweza kukuandikia kwa anwani yako mwenyewe?

"Nimedukua kompyuta yako na kukurekodi kupitia kamera. Huamini? Tazama anwani iliyotuma barua hii. Una saa 48 za kulipa kwa Bitcoin." Barua pepe za namna hii zimesambaa sana duniani tangu 2018, na ukitazama sehemu ya mtumaji, kweli unaikuta anwani yako, herufi kwa herufi.

Wengi huishiwa nguvu hapo hapo: aliyetumia anwani yangu si lazima awe ameingia kwenye akaunti yangu? La. Na dhana hiyo ndiyo mtaji wote wa tapeli, kwa sababu kwa kawaida hana video, hana nenosiri, wala hajawahi kuigusa kompyuta yako. Ili kuandika anwani yako mahali pa mtumaji anahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kuijua. Wewe mwenyewe umeshaigawa kwenye tovuti chungu nzima.

Chanzo ni SMTP, kanuni za kusafirisha barua pepe ambazo Jon Postel alizichapisha 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi za utafiti zilizoaminiana. Kanuni hizo hazikumdai mtumaji kitambulisho.

Chukua barua ya karatasi. Posta husoma bahasha tu. Kwenye karatasi iliyomo ndani unaweza kujiita nani upendaye, na tarishi hatafungua alinganishe. Barua pepe nayo ina bahasha na karatasi. Seva inayotuma, yaani kompyuta ya kusafirisha barua, hubisha hodi kwa amri iitwayo HELO, hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, kisha humwaga ujumbe mzima. Mtumaji na mpokeaji waliotajwa hapo ndiyo bahasha; ujumbe ndio karatasi. Mstari wa mtumaji unaousoma kwenye skrini haumo kwenye bahasha. Umo ndani ya ujumbe, pamoja na "Mpendwa mteja", na aliyeuandika ni yule yule. Bahasha yenyewe programu nyingi hazikuonyeshi.

Tiba zilikuja baadaye, na mojawapo ina kichekesho chake. SPF humwezesha mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, lakini inakagua bahasha. Tapeli akiweka kikoa chake kwenye bahasha na chako kwenye karatasi, anapita bila taabu. DKIM huongeza sahihi ya kidijitali. DMARC, iliyotangazwa 2012, ndiyo hatimaye ikadai kikoa cha kwenye karatasi kilingane na kilichothibitishwa na SPF au DKIM. Hata hivyo, mwenye kikoa anaweza kuiweka katika hali ya kutazama tu, bila kuagiza barua bandia zikataliwe. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwabana watumaji wakubwa wawe na kinga hizi. Kwa Gmail, ni wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku.

Lakini DMARC haioni ajabu kikoa kinachofanana na kingine. Herufi r na n zikibanana husomeka kama m, na kikoa hicho tapeli amekilipia kihalali, sahihi yake ni safi. Ndiyo maana ni heri kuiandika mwenyewe anwani ya tovuti ya benki kuliko kubofya kiungo.

Bila shaka akaunti huibwa kweli, ila ushahidi hukaa kwingine: kwenye historia ya kuingia, vifaa usivyovijua, au agizo la kupeleka nakala za barua zako kwa mtu mwingine. Folda ya barua zilizotumwa haitoshi, maana mwizi anaweza kufuta nyayo. Na tapeli akitaja nenosiri lako halisi, mara nyingi ameliokota kwenye data zilizovuja kutoka tovuti fulani. Kama bado unalitumia popote, libadilishe na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Usijibu, usilipe. Mtu anayedai amekuchungulia miezi mizima, mara nyingi barua yake haina hata jina lako.