Fonti nene za duara: kabla hujachagua, angalia herufi a

Watu wananiuliza sana kuhusu fonti, yaani mitindo ya herufi, zile nene za mviringo zinazoonekana kama mtu kazichora kwa mkono na maka pen, za duka la keki, chekechea, lebo ya siagi ya karanga, na swali ni lile lile, ipi nzuri? Mi nawaambiaga andika "maandazi" kwa herufi ndogo halafu zitazame a zake.

Maandazi ina a tatu na mbili zimekaa pamoja kabisa. Kiswahili kimejaa a, we angalia karanga, salama, mchana, sasa kama fonti inajidai imechorwa kwa mkono alafu a zote tatu ni kopi, uvimbe ule ule upande ule ule, jicho linashtuka hapo hapo. Mkono wa mtu haurudii hivyo. Mchoraji makini anaweka a mbili au tatu tofauti ndani ya fonti na programu ya kuchorea kama Illustrator inazipokezanisha yenyewe. Kama hazimo, geuza maandishi yawe mchoro, kwenye CorelDRAW, programu nyingine ya kuchorea, ni Ctrl+Q, kisha shika a ya pili, izungushe digrii mbili tatu, inenepeshe tumbo kidogo, ishushe chini ya mstari kiasi cha unywele. Ni kazi ndogo sana na neno zima linachangamka.

Au tumia fonti ambayo haijifanyi imeandikwa leo. Mimi naipenda mno Cooper Black. Ilichorwa na Oswald Cooper, fundi wa kuchora herufi kule Chicago, na kiwanda cha herufi za chapa cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa 1922 kwa ajili ya matangazo. Kona zote zimelainishwa, hakuna ncha kali, na ukiitazama o yake kwa karibu utaona imeegemea nyuma kidogo, ndo maana neno zima linakuwa na uchangamfu. Jina la shirika la easyJet kwenye ndege zao ni hiyo hiyo.

Ila matundu ya a na e yake ni madogo, kwahiyo ukiipunguza sana kwenye lebo wino unaziba na msomaji anaona madoa tu. Jina la bidhaa sawa, hata maneno matatu sawa, lakini viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi weka fonti ya kawaida kabisa jamani, kuna mtu ana mzio na karanga anataka kusoma pale.

Kwenye stika ndo fonti hizi zinapendeza zaidi, kisu cha mashine ya kukatia stika kinapita kwenye mzunguko bila kukwama, na kwenye kioo cha daladala au mlango wa duka stika huwa inaanza kubanduka kwenye ncha kali, sasa hapa ncha hakuna.

Alafu jaribu na "ng'ombe". Fonti nyingi za bure hazina ile alama ya juu, programu inaazima ya fonti nyingine, unakuta bango la maziwa ya ng'ombe lina kijiti chembamba katikati ya herufi nene. Chukua mkato wa fonti hiyo hiyo, upandishe juu pembeni ya g, imeisha hiyo.