Je, wajua kwa nini bahari iliyotariziwa huonekana ikicheza?

Kitambaa kimewambwa, hakuna upepo, lakini bahari iliyotariziwa juu yake inameremeta na kubadilika kila ukisogeza kichwa. Wengi hudhani siri ni rangi ya buluu. Rangi ina sehemu yake, nitaifikia, ila kazi kubwa zaidi hufanywa na upande ambao uzi umelazwa.

Ushahidi uko vichwani mwa wanaume wa Unguja na Pemba. Kofia nyeupe ya mkono hushonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na bado nakshi zake unaziona mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Unachokiona pale ni mwanga na kivuli tu: matobo yaliyozungushiwa uzi yanabeba kivuli, na sehemu zilizoinuka zinashika mwanga. Mama anayeshona kofia ya aina hiyo kwa wiki kadhaa anaijua kanuni hii vidoleni, hata kama hajawahi kutarizi wimbi hata moja.

Jaribu mwenyewe. Chukua uzi wa rangi moja, ujaze vimiraba viwili vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimoja kwa mishono ya wima, cha pili kwa mishono ya mlalo. Viweke karibu na dirisha. Utaapa kwamba ni nyuzi mbili tofauti! Geuza kitambaa robo duara, na kile kilichokuwa kinang'aa kitafifia, mwenzake ashike zamu. Mwanga unaorudi machoni hutegemea uzi umelala vipi mbele ya dirisha na mbele ya jicho lako. Kwa hiyo anayetaka maji yaende hubadilisha mwelekeo wa mishono kidogo kidogo, na mtazamaji akipita, mng'aro nao hupita juu ya kitambaa.

Hariri hung'aa kwa asili yake. Pamba ilisaidiwa. Mwaka 1850 Mwingereza John Mercer alipata hataza ya kutia pamba kwenye kostiki soda, na miaka ya 1890 Horace Lowe akaonesha kwamba uzi ukivutwa usinywee wakati umo ndani ya dawa hiyo, hutoka na mng'aro. Nyuzinyuzi za pamba ni bapa na zimejisokota. Dawa huzivimbisha zikawa mviringo na laini. Ndiyo maana uzi wa kutarizi hung'aa kuliko uzi wa kawaida wa cherehani ambao haukupitia dawa hiyo.

Sasa rangi. Maji hufyonza mwanga mwekundu kwanza; ukishuka mita 10 hivi, umebaki kidogo sana. Kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, kama kule Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, maji ni ya kina kifupi na chini kuna mchanga mweupe unaorudisha kijani na buluu mpauko. Nje ya mwamba kina huongezeka, mchanga haurudishi kitu, na rangi huwa nzito. Tofauti hiyo ipo hata kati ya visiwa vyetu: bahari baina ya Unguja na bara ina kina cha makumi ya mita tu, ilhali mkondo unaoitenga Pemba na bara una mamia. Mtarizi wa Pemba ana haki ya kutumia buluu iliyoiva zaidi.

Kuunganisha rangi hizo pasionekane mpaka, fungua uzi. Uzi wa kutarizi wa kawaida una nyuzi ndogo 6 zinazoachana. Tumia 3: mbili za kijani na moja ya buluu, mistari michache mbele moja ya kijani na mbili za buluu, kisha buluu tupu. Usivute sana, kitambaa kitajikunja na maji yatapata makunyanzi yasiyo yake.

Mto una tabia nyingine, kwa sababu maji yake huenda upande mmoja. Fuata mkondo kwa mistari mirefu, ibane pale mto unapokuwa mwembamba, iachie unapopanuka. Tazama mifano ya kwetu kabla ya kuchora. Unguja baadhi ya vijito humezwa na mawe ya matumbawe kabla ya kufika pwani, kwa hiyo mistari inaweza kukatika katikati ya kitambaa na bado ikawa kweli. Pemba, yenye vilima na mabonde, vijito huteremka hadi mikokoni, na wakati wa masika hubeba udongo. Hapo weka kahawia kwanza, na kijani kiingie taratibu.

Jambo la kuamua kabla ya sindano ya kwanza ni maji yanajaa au yanakupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Yakijaa, mwamba hauonekani. Unaona povu tu, vifundo vyeupe vilivyobanana. Yakikupwa, mchanga, mwani na vidimbwi vitachukua nusu ya kitambaa, na utahitaji uzi mwingi wa rangi ya mchanga kuliko wa buluu.