Kurisiti LSAT: fanya hesabu kabla ya kujisajili tena

Matokeo ya LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria za Marekani, yakitoka, uamuzi wa kurisiti mara nyingi hufanywa jioni ileile, kwa hasira. Waombaji wa shule hizo ninaowashauri, mimi huwaambia wasubiri kidogo, kisha waweke mezani namba mbili. Ya kwanza ni alama rasmi. Ya pili ni alama ya katikati ya mitihani mitano ya mwisho ya mazoezi, iliyofanywa kwa saa, bila kusimamisha, kwenye mitihani halisi ya LSAC, wanaoutunga mtihani huu, iliyomo LawHub, tovuti yao ya mazoezi. Panga alama hizo tano kwa ukubwa, chukua ya tatu. Ile ya juu kabisa, uliyoipata mara moja na kumpigia simu kila mtu, iache.

LSAT hupimwa kuanzia 120 hadi 180, na LSAC wenyewe hutoa kila alama pamoja na ukingo wa takriban pointi 3 juu na 3 chini, kwa sababu mtu yuleyule mwenye uwezo uleule hapati alama ileile kila akikaa. Kwa hiyo kama mazoezi yako yanasimama 161 na siku ya mtihani umepata 159, hakuna kilichoharibika: hiyo 159 ndiyo wewe. Kama mazoezi yanasimama 163 na umepata 157, hapo kuna jambo la kufuatilia, na kurisiti kuna mantiki. Kwa wastani wanaorudia hupanda pointi 2 hadi 3 hivi, lakini ndani ya wastani huo wamo walioshuka, na wengi wao ni waliorudi na maandalizi yaleyale.

Sasa, pointi zimepotelea wapi? Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za juma yameondolewa. Zimebaki sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu zinazohesabiwa, na ya nne ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo hutaijua ni ipi. Kila moja ni dakika 35. Kama alama yako ni ya kabla ya hapo, unaporudi unakaa mtihani wa sura nyingine, na kama mafumbo ndiyo yalikuwa yakikubeba, mazoezi ya zamani hayakuambii kitu. Hata vitabu vya mitumba vyenye mafumbo hayo havina kazi tena, japo bei yake huvutia.

Theluthi mbili ya alama sasa ni hoja. Sehemu moja ina maswali kama 25, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Chukua mtihani mmoja wa mazoezi uliokwisha kuufanya kwa saa na, kabla ya kuangalia majibu, ufanye tena bila saa, ukiandika pembeni kwa nini kila chaguo ulilolikataa ni baya. Linganisha alama mbili. Kwa saa 154 na bila saa 165: unaelewa, ila hukimbii vya kutosha au unang'ang'ania maswali magumu. Hilo hutibika ndani ya wiki chache, kwa kujilazimisha kuruka swali linalokula muda na kulirudia mwisho, na kwa kutoacha hata moja tupu, maana jibu baya halikatwi alama. Kwa saa 154 na bila saa 156: saa si adui yako. Kuna aina za hoja huzioni, na kurisiti baada ya wiki sita ni kucheza bahati nasibu.

Angalia mfano mdogo. Waliofaulu wote walifanya mazoezi. Asha alifanya mazoezi. Basi Asha alifaulu. Ukiusoma polepole utacheka. Ukiupewa kwa Kiingereza cha kisheria, umefichwa ndani ya habari ya samaki wa maji baridi au kodi ya majengo, utauchagua kama hoja safi. Kosa ni kugeuza sharti la lazima kuwa sharti linalotosha. Mazoezi yalihitajika ili kufaulu, lakini hakuna aliyesema yanatosha. Ukifungua daftari la makosa na kukuta mtego huu mmoja umekukamata mara tano au sita katika mitihani mitatu, hiyo ni habari njema kuliko zote, kwa sababu kosa lenye jina hurekebishika. Katikati ya ngazi, pointi moja ni karibu swali moja na kidogo. Makosa hayo, mawili hivi kwa kila mtihani, ni kama pointi moja na nusu. Daftari lenye makosa yaliyotawanyika kila mahali, bila mtindo, ndilo linalonitia wasiwasi.

Ufahamu ni mgumu zaidi kuusogeza, hasa kwa aliyesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Vifungu ni vinne, kila kimoja dakika nane na robo tatu pamoja na maswali yake. Kasi ya kusoma haipandi kwa mbinu za wikiendi. Inapanda kwa miezi ya kusoma makala nzito kila siku. Muda wa ziada hutolewa kwa ulemavu na hali za kiafya zilizothibitishwa. Kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza hakuhesabiwi humo. Kama makosa yako mengi yako hapa, ahirisha mwaka mzima badala ya kurisiti haraka.

Baada ya hapo ndipo tunauliza kama pointi zenyewe zina bei. Kila shule iliyoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili wa Marekani, huchapisha kila mwaka, mwezi Desemba, taarifa iitwayo 509, ikionyesha alama ya LSAT ya robo ya chini, ya katikati na ya robo ya juu ya waliojiunga. Tuseme shule unayoitaka ina 158, 162 na 164. Mtu wa 161 na mtu wa 162 wametofautiana swali moja tu, lakini kwa kamati ya udahili wa kwanza anaivuta shule chini ya mstari wake wa katikati na wa pili anaushikilia. Kutoka 161 hadi 163 ni pointi mbili za dhahabu, na mara nyingi ndizo zinazofungua ufadhili. Kutoka 166 hadi 168 katika shule hiyohiyo, bakia na dola zako, labda kama una shule ya juu zaidi moyoni. Shule huziona alama zako zote, lakini inayoripotiwa ABA ni ya juu peke yake, ndiyo maana alama ya zamani iliyo chini haikuui kama watu wanavyoogopa.

Mwenye shahada ya Dar es Salaam, Makerere au Nairobi anayeomba JD, shahada ya sheria ya Marekani, ana hesabu yake ya pekee. LSAC hutathmini transkripti ya nje ya Marekani na Kanada kwa maelezo ya kiwango, haimpi GPA ya Kimarekani, yaani wastani wa alama za chuo. Hana namba ya GPA ya kuisaidia wala kuidhuru shule, kwa hiyo namba pekee anayokuja nayo ni LSAT. Kwake yeye pointi tatu zina uzito kuliko kwa jirani yake wa Minnesota mwenye GPA ya 3.9. (Kama tayari una LLB, shahada ya kwanza ya sheria, na unachotaka ni LLM, ya uzamili, kwa kawaida huhitaji LSAT kabisa. Nakutana na mawakili wanaojiandaa kwa mtihani ambao hakuna aliyewaomba.)

Mipaka: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zinaripotiwa, yaani mwaka huu wa mitihani na mitano iliyopita, na mara saba maishani. Kufuta alama hakukurudishii nafasi; huhesabiwa, na shule huona kwamba ulikaa ukafuta. Ukilipia huduma ya kuiona alama kwanza, una siku sita baada ya matokeo kuamua uibakize au uifute. Inagharimu kidogo ukiinunua kabla ya siku ya mtihani kuliko baada yake. Mimi nisingeifuta alama iliyoshuka pointi mbili. Iliyoshuka saba, ningeifuta.

Kalenda ndiyo huwaangusha wengi. Maombi hufunguliwa karibu Septemba na shule nyingi husoma mafaili kadiri yanavyoingia, hivyo nafasi na fedha za ufadhili hupungua mwezi hadi mwezi. Kurisiti Oktoba au Novemba kunaweza kulipa hata kwa pointi mbili. Kurisiti Januari kunataka uwe na hakika ya nne au tano, maana matokeo yatakuja baada ya wiki tatu hivi, shule nyingine zikiwa zimeshajaza sehemu kubwa ya darasa. Aprili na Juni ni za msimu unaofuata, isipokuwa kama uko kwenye orodha ya kusubiri. Na usajili hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo anayesubiri matokeo ya mtihani mmoja ndipo ajiandikishe mwingine mara nyingi hukuta mlango umefungwa.

Ukishajisajili, shule itaiona tarehe hiyo kwenye ripoti yako na huenda ikaliweka faili pembeni mpaka alama mpya ije. Kama hutaki hivyo, waandikie ofisi ya udahili mistari miwili: tafadhali someni maombi yangu kwa alama iliyopo, nami nitawajulisha mpya ikitoka. Insha ya hoja inayoambatana na LSAT, ikiwa imekwisha kupitishwa kwenye akaunti yako, huna haja ya kuiandika upya. Ambaye hajawahi kuiandika aimalize mapema, la sivyo alama mpya itazuiliwa hata kama ni 175.