Pua anayo tayari: yanayosemwa visivyo kuhusu mbwa wa kunusa Zanzibar

Mwambie mtu wa Mjini au wa Chake Chake kwamba unamfundisha mbwa wako kutafuta kitu kwa kunusa. Kwanza atakitaja Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi, kisha atataja najisi, na mazungumzo yatakwisha hapo. Mbwa naye atabaki na mnyororo wake chini ya mwembe kutwa nzima. Hali hiyo inaniuma, kwa sababu mafunzo haya hayana gharama kubwa, hayataki nguvu, na mbwa huyapenda mno. Zifuatazo ni dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

"Mbwa koko hawezi. Kazi hiyo ni ya mbwa wa Kizungu."

Vipokezi vya harufu katika pua ya binadamu hukadiriwa kuwa milioni 5 au 6. Vya mbwa hukadiriwa kufika milioni 200 hadi 300, kutegemea mbwa mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapima mbwa wa aina tatu katika kutofautisha harufu, na pug, yule mdogo mwenye pua iliyobonyea, akamshinda German Shepherd. Hapa kwetu wasasi wa kusini mwa Unguja wameingia msituni na mbwa wa kienyeji tangu zama za mababu, na mbwa hao ndio waliokuwa wakimwibua mnyama vichakani. Kwa maoni yangu, ukitaka mwanafunzi mzuri mtazame yule anayekodolea macho pakacha lako la samaki. Hamu ya kutafuta ina uzito kuliko nasaba.

"Dini imekataza."

Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia mliowafundisha, na neno kufundisha limo humo humo ndani ya aya. Hadithi nazo zimemvua mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba katika katazo la kufuga. Ama mate, katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, ni najisi nzito: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara na inafuatwa vizuri kabisa katika mafunzo haya. Zawadi itie kwa koleo, kamba iwe ndefu, kanzu ibaki ndani na uvae nguo za kazi, makopo ya mbwa yasichanganyike na vyombo vya jikoni. Mbwa anayetafuta hana haja ya kukugusa, shughuli yake iko mbele huko. Anayetaka kujua hukumu ya kufuga mbwa kwa burudani tu, amuulize sheikh wake.

"Mnusishe kitu, mwambie tafuta, ataelewa."

Hataelewa. Kunusa anajua tangu alipozaliwa. Asichokijua ni kwamba wewe unataka atafute, na kwamba kutafuta kuna malipo. Kwa hiyo anza na chakula. Panga maboksi manne au matano sakafuni, yakiwa wazi juu, na ndani ya moja weka vipande vya nyama au dagaa. Mwachie mbwa. Usiongee, usinyooshe kidole. Atalipita boksi lenyewe, ataingia kwenye tupu, atakutazama usoni kuomba msaada, na wewe utatazama pembeni. Kisha atakita pua mahali penyewe. Mwache ale humo humo ndani ya boksi, na umwongezee kipande kingine palepale, ili ajue kwamba neema iko kwenye chanzo cha harufu na wala haiko mfukoni mwako. Badilisha nafasi ya maboksi, rudia mara chache, basi.

Akishakuwa anayakimbilia maboksi kabla hujamwachia, ndipo uingize harufu maalumu. Iweke kwenye kikopo chenye matundu kando ya chakula, na baada ya vipindi kadhaa ondoa chakula, ubaki na harufu peke yake. Akiipata, zawadi inashuka hapo hapo.

"Karafuu ndiyo harufu ya kumfundishia, wenzetu wote wanaitumia."

Wanaitumia kweli. Katika mashindano ya mbwa wa kunusa ya Marekani harufu tatu za msingi ni mti wa birch, yansuni na karafuu, na Uingereza pia karafuu imo. Lakini huko karafuu ni kitu kigeni, inakaa kabatini mpaka siku ya kupika keki. Pemba wakati wa mavuno karafuu imetandazwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, imo mikononi mwa wachumaji, imo kwenye magunia yanayosubiri kupelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na ukipita Wawi unakutana na harufu ya kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Mbwa aliyefikia hatua nzuri anaweza kukitofautisha kikopo chako na yote hayo. Anayeanza jana hawezi, maana kila akigeuka amekwisha kuipata karafuu na hapati malipo. Yeye umpe harufu adimu nyumbani kwenu, mathalani yansuni, na karafuu aje kuikuta baadaye akiwa hodari.

Harufu yoyote utakayochagua, ishike kwa koleo na uifungie kwenye chupa yake. Ukiishika kwa vidole kisha ukayapanga maboksi, yote yatanuka. Ukitumia mafuta, tone moja kwenye pamba linatosha, na mbwa asiyafikie kwa ulimi: mafuta ya karafuu yamejaa eugenoli, ambayo ni kali kwa utando wa mdomo na ni sumu akiyalamba kwa wingi.

"Harufu iko pale kitu kilipo."

Harufu husafiri na hewa. Ficha kikopo chini ya benchi la baraza wakati kusi inavuma, halafu mtazame mbwa. Anapita mbio, na hatua kadhaa mbele kichwa chake kinageuka ghafla kana kwamba kimevutwa kwa uzi. Anarudi, anakwenda kwenye ukuta wa mawe ulio mkabala, anausugua kwa pua kwa sababu harufu imepigwa na upepo ikajikusanya pale, kisha anakata kushoto na kulia, kila mkato ukiwa mfupi kuliko wa kwanza, mpaka anafika chini ya benchi. Asiyejua atasema mbwa amepotea. Alikuwa akiifuata harufu kwenda kwenye chanzo chake, na kazi yake ilikuwa safi kabisa.

"Akikwama, msaidie."

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwachukua waongozaji 18 na mbwa wao waliofundishwa kutafuta dawa za kulevya au mabomu. Waliwaambia kwamba mahali pa upekuzi huenda pana harufu, na kwamba penye karatasi nyekundu ndipo ilipo. Hapakuwa na harufu yoyote. Bado taarifa za kwamba mbwa ameipata zilimiminika, na nyingi zilikuwa kwenye karatasi zile. Mguu uliosita, kamba iliyokazwa, pumzi uliyoizuia, yote hayo mbwa anayasoma. Basi mtu mwingine wa nyumbani afiche kikopo bila wewe kujua, na akuambie jibu baada ya mbwa kuamua.

Yaliyobaki ni mepesi. Mbwa hashindishwi na njaa: mfundishe kabla ya mlo wake wa kawaida, basi, na zawadi isiwe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, kwani vitunguu vinamdhuru. Pua kavu baada ya usingizi si ugonjwa. Mbwa mzee, kiziwi au mwenye miguu mitatu anaifanya kazi hii bila shida. Na zoezi la saa nzima halimwongezei chochote. Dakika chache alfajiri, kabla jua halijapamba moto, zinamtosha, kwa sababu mbwa anayehema ulimi nje ananusa kidogo sana. Ukimwona amefika hapo, funga zoezi na umpe maji, hata kama boksi lenyewe hajalifikia.