Tettigidea sio tunutu jamani

Shemeji yangu anayekaa Marekani katuma picha kwenye grupu la familia, kadudu ka kahawia kametulia kwenye tope pembeni ya kijito, na kila mtu anajibu "tunutu huyo", mwingine "kakikua kataota mabawa". Hii nimeisikia mara nyingi mno sasa.

Kwa haraka: hako ni Tettigidea, nayo ni jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, za panzi mbilikimo wa Amerika. Mashariki mwa Marekani wapo wengi, wanakaa sehemu zenye unyevu wanakula mwani na vitu vilivyooza, na mkubwa kabisa ana sentimita moja na kitu. Basi.

Sasa tunutu. Tunutu ni nzige ambaye hajaota mabawa, yaani ni umri, sio kabila. Panzi mbilikimo hata akizeeka ni vilevile tu. Kinachowachanganya watu ni ile ngao ya nyuma ya kichwa, kwa panzi wa kawaida inaishia mabegani ila kwa huyu imerefuka hadi kufunika tumbo, halafu mabawa ya mbele yamebaki vigamba viwili vidogo pembeni, ya nyuma kama anayo yamekunjwa chini ya ngao, so ukimwangalia unaona kama bado hajakamilika. Na anapitisha baridi yote akiwa keshakua, joto likirudi anatoka mapema wakati panzi wengi wengine ndo kwanza wanaanguliwa, hapo nani asimuite mtoto?

Ila jina ndo linanichekesha. Alilitoa Samuel Scudder, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, mwaka 1862, na shina lake ni neno la Kigiriki tettix. Watu wanaandika eti maana yake panzi. Hapana, tettix ni nyenze! Yule wa juu ya mti anayepiga kelele mchana kutwa mpaka kichwa kinauma, Wagiriki walimpenda hadi Waathene wa zamani walivaa nyenze wa dhahabu kwenye nywele. Halafu jina hilo la mwimbaji akabandikwa panzi bubu, maana hawa mbilikimo hawaimbi kama panzi wengine na hata yale masikio ambayo panzi wengine wanayo tumboni, wao hawana.

Kwa hiyo shemeji, picha nzuri sana, ila kwa saizi ile na ni mwezi wa nne, hako katoto kako huenda ni mtu mzima kuliko panzi wote hapo kijitoni.